Mama mkwe amenikabidhi jiko la Krismasi: nipunguze sukari kimyakimya?

Shikamoo Mama,

Nimesoma safu hii kwa muda mrefu bila kuandika kwa sababu matatizo ya wenzangu niliyaona mazito kuliko langu. Langu ni la chakula tu. Lakini limeninyima usingizi, na mume wangu ameanza kuniuliza kwa nini nanuna kila nikifungua kabati la viungo.

Ninaishi Minnesota, Marekani. Nimeolewa katika ukoo ambao mababu zao walihamia huku kutoka Norway. Kwao Krismasi hasa ni usiku wa tarehe 24 Desemba, na meza ni ile ile kila mwaka. Kuna lutefisk, yaani samaki mkavu aliyeloweshwa kwenye magadi makali, akasafishwa kwa maji mengi, na sasa analiwa akiwa anateleza kwenye siagi iliyoyeyushwa. Kuna kababu za nyama kwenye mchuzi wa krimu. Kuna lefse, mikate myembamba ya viazi inayofanana na chapati, wanaipaka siagi, wanainyunyizia sukari na kuikunja. Kuna uji wa wali wa maziwa na biskuti nyembamba za krumkake. Tena juu ya hayo wameongeza vya Kimarekani: viazi vitamu vilivyofunikwa mashimelo, zile peremende laini kama pamba, maharage mabichi yaliyookwa kwenye supu ya uyoga ya kopo, pai ya boga. Vinywaji ni chokoleti ya moto, maji ya tofaa yaliyochemshwa na viungo ambayo huku huitwa saida, na egnogi, kile kinywaji kizito cha mayai, maziwa, krimu, sukari na kungumanga. Baba mkwe huongeza ramu kwenye egnogi yake.

Tangu niolewe, mama mkwe ndiye aliyepika vyote hivyo. Mwaka huu amefanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono, hawezi kusukuma lefse wala kubeba sufuria. Mwezi uliopita alinikabidhi sanduku la bati lenye kadi za mapishi, nyingine zimeandikwa kwa mkono wa marehemu mama yake. Aliniambia, "Sasa ni zamu yako." Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, maana sikuwahi kujiona mwenyeji katika nyumba ile.

Tatizo ni hili. Mume wangu ana miaka 41, na msimu uliopita wa joto daktari alimwambia kipimo chake cha A1C, kile cha wastani wa sukari kwenye damu, ni asilimia 6.1, yuko mlangoni mwa kisukari. Mama mkwe ana shinikizo la damu na anameza dawa kila siku. Baba mkwe ana kisukari tayari; kabla ya kula hukitazama chakula, akahesabu, akajichoma insulini yake. Nikizisoma zile kadi naona vikombe viwili vya sukari hapa, krimu nzima pale, siagi kila mahali, na najiambia: hivi mimi ndiye nitakayewapakulia watu hawa ugonjwa?

Kwa hiyo nimetengeneza mpango. Sukari ya pai na viazi nitaweka ile tamutamu isiyo na kalori. Krimu nitaiondoa, niweke korosho zilizosagwa na maji. Chumvi nitatumia ile mbadala inayouzwa kwenye kopo dogo. Mchuzi wa kranberi, yale matunda madogo mekundu yenye ukali, nitautia asali, kwa kuwa ni ya asili. Mume wangu anasema nisimwambie mama yake mpaka watu wamalize kula na kusifia, hapo ndipo tuseme. Rafiki yangu kazini anasema yeye hufanya hivyo kila mwaka na hakuna anayejua. Lakini nilipomdokezea wifi kwamba ninafikiria kubadilisha kidogo, alinikata: "Krismasi si hospitali. Mama atavunjika moyo."

Mimi nimelelewa nikijua mkamwana habadilishi sufuria ya mama mkwe bila ruhusa. Lakini nimelelewa pia nikijua kwamba mwenye jiko ndiye mwenye dhamana ya tumbo la nyumba. Nikikaa kimya nahisi kama mwizi, nikisema nitaonekana mgeni aliyekuja kuwaharibia sikukuu. Na nikipika kama kadi zinavyosema, nitakaa nikimhesabia mume wangu vipande. Nifanye nini, Mama?

Mkamwana, Minnesota

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile sanduku la bati, maana umelitaja haraka ukaliacha. Mwanamke aliyepika usiku mmoja miaka yote hiyo amekupa kadi za marehemu mama yake. Angeweza kumpa bintiye. Angeweza kuagiza chakula. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini, na sitaki kukusomea kisichoandikwa, ila huko si kukabidhiwa orodha ya manunuzi. Ndiyo maana jambo hili linakuuma kuliko sukari yenyewe.

Nikiisoma barua yako kwa utulivu naona umejibebesha mzigo wa wagonjwa watatu wenye maradhi matatu tofauti, ukawatafutia dawa moja. Unaniuliza ufiche au useme. Kabla ya kufika hapo ninaomba tumtazame baba mkwe, kwa sababu kuna jambo umelipita na mimi lilinishtua.

Umesema hukitazama chakula, akahesabu, akajichoma. Watu wengi wanaotumia insulini ya kabla ya mlo hufanya hivyo: anakijua kipande cha pai ya mkewe, anajua kina wanga kiasi gani, dozi yake inafuata hesabu hiyo. Sasa wewe umeitoa sukari ndani ya pai ile, na yeye hajui. Insulini imeshaingia mwilini, sukari iliyotarajiwa haipo. Sukari ya damu inaweza kushuka: jasho, mikono kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Tena umesema anaweka ramu kwenye egnogi. Ini likishughulika na pombe huzembea kazi yake ya kutoa sukari ya akiba, kwa hiyo kushuka huko kunaweza kuja saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamelala. Sikuambii haya ili uogope jiko. Nataka uone kwamba kwa mzee huyu, pai yenye sukari anayoijua inaweza kuwa salama kuliko pai isiyo na sukari asiyoijua.

Chumvi mbadala nayo. Nyingi ya hizo za kopo ni kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima na asiye na dawa inaweza isiwe na neno, ila baadhi ya dawa za shinikizo, zikiwemo zile zinazotumiwa sana za kundi la lisinopril, huzuia mwili kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi huugusa moyo. Mama mkwe anameza dawa gani? Hukuniambia, na nadhani hujui. Na korosho: je, katika wageni wote wa usiku ule, watoto wa wifi wakiwemo, hakuna hata mmoja anayedhuriwa na njugu za aina hiyo? Mtu mwenye mzio hujikinga kwa kuuliza kuna nini ndani, na anapokula mchuzi ambao kwa miaka yote ulikuwa wa krimu, hana sababu ya kuuliza.

Rafiki yako wa kazini huenda amebahatika kuwa na wageni wenye afya.

Nikikusikia vizuri, hofu yako kubwa ni mama mkwe kuvunjika moyo. Lakini maneno "Krismasi si hospitali" ni ya wifi. Mama mwenyewe hajaulizwa. Inawezekana wifi anamjua mamaye kuliko sisi sote. Inawezekana pia anajisemea mwenyewe, kwa kuwa sanduku halikwenda kwake, na hilo nalo ni jeraha linalostahili upole. Mama mkwe ni mtu mwenye mume anayejichoma sindano na yeye mwenyewe ana vidonge kila asubuhi. Sidhani kama kuna siku amepika pai ile bila kulifikiria jambo hili. Nani ajuaye amepunguza nini kimyakimya miaka ya karibuni bila kubadilisha kadi? Muulize, huenda ukacheka.

Katika ukoo wa namna hiyo, kwenye ule uji wa wali mara nyingi hufichwa lozi moja, na atakayeipata hupewa zawadi. Watu huufurahia ule ufichaji kwa sababu wote wanajua kuna kitu kimefichwa. Mpango wa mumeo wa kuwafunulia baada ya sifa una ladha nyingine kabisa. Yule aliyesifu anajikuta amejaribiwa bila kujua, na sifa zake zinageuzwa ushahidi.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, maana ninapenda kupika na siwezi kukuachia falsafa tupu.

Unauogopa usiku mmoja. Mimi ningezitazama kwanza zile wiki tano tangu Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya Shukrani, mpaka Mwaka Mpya. Hizo ndizo siku ambazo makopo ya biskuti hayafungwi, egnogi ya dukani inakaa mlangoni mwa friji, na kila mtu akipita anamimina kidogo. Kwa A1C, kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu hivi, kipande cha pai cha usiku wa Krismasi si kitu mbele ya mmiminiko huo wa kila siku. Kiwango cha kabla ya kisukari ni asilimia 5.7 hadi 6.4, mumeo yuko katikati, na hapo pana nafasi ya kurudi nyuma. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu wa kundi lake waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Hakuna aliyewabadilishia pai kwa siri. Walijua wanafanya nini.

Kwa hiyo vinywaji ningevianza mapema, tena hadharani, kwa kuwa kadi za bibi kizee hazijaguswa hapo. Sheria ya Marekani inataka egnogi ya dukani iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 6, karibu mara mbili ya maziwa ya kawaida yasiyoondolewa mafuta. Ya nyumbani haihitaji krimu kabisa. Chukua maziwa hayo ya kawaida, viini vya mayai na nusu ya sukari uliyozoea, koroga kwenye moto mdogo bila kuacha mpaka yaanze kushika mwiko. Kama una kipimajoto, fikisha nyuzi 71 za Selsiasi, na yasichemke yasije yakakatika. Viini vyenyewe ndivyo vinavyoleta uzito. Vanila na kungumanga iliyokwanguliwa papo hapo huufanya ulimi udhani kuna utamu zaidi ya uliopo. Iache friji usiku kucha. Na kwa kuwa mayai yameiva, wazee hawali mayai mabichi, jambo ambalo kadi nyingi za zamani hazikujali.

Saida inadanganya kwa sababu ni tunda. Kikombe kimoja kina sukari karibu gramu 25. Shirika la Afya Duniani linayahesabu maji ya matunda, na asali yako pia mwanangu, pamoja na sukari ambazo mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku hazitakiwi kumzidi gramu 50, na ikiwezekana zisivuke 25. Asali iweke ukiipenda ladha yake, ila usiipe sifa ya dawa. Saida nayo chemsha mdalasini, karafuu, tangawizi na maganda ya chungwa kwenye maji matupu mpaka nyumba inukie, kisha changanya nusu kwa nusu. Chokoleti ya moto tengeneza kwa unga wa kakao usiotiwa sukari, maziwa, chembe ya chumvi, halafu kila mtu ajitilie utamu wake.

Mezani, cha ajabu ni kwamba kile kinachowatisha wageni ndicho chepesi kuliko vyote: lutefisk ni samaki aina ya chewa, hana mafuta ya kutaja, na siagi inaweza kuwekwa pembeni kwenye bakuli. Lefse ingekuwa kwangu nisingeigusa ndani, kwa sababu ile siagi ndiyo inayoifanya iwe laini. Ukiipunguza sana utapata ngozi ya ngoma. Pambana na kinachopakwa juu: mdalasini mwingi, sukari kidogo. Krumkake iache kabisa. Sukari na siagi ndizo zinazoifanya ivunjike kwa mlio, na krumkake ya unga wa ngano nzima na tamutamu ya kopo ni huzuni juu ya sahani. Tengeneza chache.

Kwenye pai ya boga angalia kopo lisije likawa lile lililokwisha kutiwa sukari na viungo. Nunua la boga tupu. Mapishi mengi ya kuoka huvumilia kupunguzwa robo ya sukari, hata theluthi, bila mtu kugundua. Ukizidi hapo, pai haishiki rangi na keki inakauka, maana sukari hushika unyevu. Kranberi zina pektini nyingi, zinagandana zenyewe zikipasuka kwenye moto, kwa hiyo mchuzi wake unakubali nusu ya sukari ukitumia maji ya chungwa badala ya maji. Viazi vitamu vikiokwa na maganda vinajitengenezea utamu wao, ingawa wazee wa sukari wajue kwamba vya kuchemsha hupandisha sukari ya damu polepole zaidi.

Kwa shinikizo la mama, adui mkubwa yuko kwenye kopo la supu ya uyoga. Kopo moja linaweza kubeba karibu sodiamu yote ya siku, ambayo Marekani wameiwekea mpaka wa miligramu 2,300. Kaanga uyoga halisi, nyunyiza unga, mimina maziwa, maliza na ndimu. Uchachu wake hujaza pengo la chumvi. Na kama unataka kuongeza kitu kipya mezani badala ya kuondoa tu, mchele wa porini unaoota majini kwenye maziwa ya Minnesota, chakula cha kale cha Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, ndiyo nafaka rasmi ya jimbo hilo tangu 1977 na ni nafaka nzima. Huo hauwezi kuitwa wa kigeni. Mgeni hapo ni pai.

Narudi kwenye swali lako. Naona njia kadhaa, na kila moja ina mwiba. Unaweza kumwendea mama mkwe peke yake, kabla ya wiki ya sikukuu, ukiwa na sanduku mkononi, ukamwuliza kipi akikumbukacho kutoka kwa mama yake kisichoguswa kamwe, na kipi alitamani siku nyingi kukibadilisha. Hatari yake ni kwamba anaweza kusema hakuna cha kubadilisha, na utalazimika kuheshimu jibu uliloliomba. Unaweza kupika kila kitu kwa kadi, kwa vipimo vidogo, na kuweka kando vyakula vyako vipya vikiwa na majina yake. Hapo hujamgusa mtu, ila utachoka, na meza mbili huweza kuonekana kama mashindano. Unaweza kuuacha usiku wa tarehe 24 kama ulivyo na kusimamia wiki tano tu. Hilo litakutaka uvumilie kumtazama mumeo akila kipande cha pili. Kupunguza robo ya sukari bila kutangaza hata mpishi wa kadi zile angefanya, lakini hata hilo baba mkwe alijue.

Na mumeo, mwanangu. Amekuambia usimwambie mama yake. Je, mama yake anajua kwamba ana 6.1? Barua yako haisemi, na nimeanza kushuku kwamba siri ya kwanza ndani ya nyumba hii haihusu pai. Kama mtu mzima wa miaka 41 hajawaambia wazazi wake habari zake, wewe ndiye unayebebeshwa kazi ya kumlinda huku ukionekana mleta shida. Labda ana sababu zake. Baba mwenye kisukari anaweza kujilaumu akisikia mwanawe anafuata nyayo. Muulize kwa upole anachotaka wewe ufanye, na anachoweza kukifanya yeye mwenyewe. Kumhesabia vipande hakujawahi kuongeza mapenzi mezani.

Lolote utakaloamua, andika wanga wa kila kipande kwenye karatasi ndogo umpe baba mkwe mapema. Mtaalamu wa lishe wa kliniki ya kisukari anaweza kukusaidia kuhesabu, na mfamasia anaweza kukuambia kuhusu chumvi ile na dawa za mama, mradi mama mwenyewe akuruhusu kuuliza. Kadi za marehemu usiziandike juu; nakili zako pembeni, kwa kalamu yako.

Msalimie mumeo. Sikukuu zikiisha utuandikie mama mkwe alisemaje kuhusu ile egnogi.